Mlango usiopitisha mwizi, wala mwenye nyumba

Jamani wadau, leo nina hasira, mtanisamehe.

Jumamosi asubuhi niliamka niwahi kazini. Nikatia ufunguo kwenye mlango wa mbele, ule wa chuma wa "kisasa" ambao siku hizi kila nyumba ya kupanga hapa Dar inao. Ufunguo ukazunguka nusu ukagoma. Nikanyanyua mkono wa kitasa, nikausukuma chini, nikapiga teke. Wapi! Nikakimbilia mlango wa uani: mwenye nyumba aliuchomelea zamani, eti wezi. Nikatazama madirisha: nondo tupu. Nikakaa kwenye kochi na begi langu kama mahabusu anayesubiri karandinga.

Kwa wasioijua milango hii, kitasa chake hakina ulimi mmoja kama vya zamani. Ukizungusha ufunguo, makomeo kadhaa yanatoka kwa mpigo: ya ubavuni, la juu na la chini, yanaingia kwenye matundu ya fremu. Ni imara kweli. Lakini yote yanategemea mashine moja ndogo iliyofichwa katikati ya mlango, na kila komeo lazima likutane na tundu lake sawasawa. Mlango wa chuma ni mzito. Bawaba zikilegea, unashuka kidogo tu, komeo linakwaruza fremu, na wewe unaongeza nguvu kwenye ufunguo. Siku moja unagoma wote.

Nilimpigia fundi. Akasimama nje akaniuliza, "Bro, ulikuwa unakaza siku nyingi?" Nikakiri: kama miezi miwili. Akaniambia niache kulazimisha, maana ufunguo ukikatikia ndani au mashine ikivunjika itabidi makomeo yakatwe kwa grainda. Akapitisha mtaimbo chini ya mlango, akaunyanyua taratibu, akaniambia nizungushe ufunguo polepole. Ukafunguka! Saa mbili na nusu za kifungo, na tiba ilikuwa kunyanyua mlango kidogo tu.

Akanifundisha kitu ambacho nawapa bure. Kitasa kikianza kuwa kizito, fungua mlango, kisha uuache wazi na uzungushe ufunguo. Kikizunguka laini, kitasa ni kizima: tatizo ni bawaba au fremu. Kikikwama hata mlango ukiwa wazi, ugonjwa umo ndani ya kitasa chenyewe. Kwa vyovyote vile, ita fundi siku hiyo hiyo.

Sasa hasira yangu. Nilimpigia mwenye nyumba, nikamwambia, shikamoo mzee, mlango umenifungia ndani. Akacheka. "Kijana, huo ni mlango wa kisasa, mwizi hapiti!" Kweli mzee, mwizi hapiti. Na mimi sipiti.

Je, kama ule ungekuwa moto? Jiko la gesi, waya wa umeme uliochoka, mshumaa wa usiku wa giza. Moshi haukupi saa mbili na nusu za kumngojea fundi na mtaimbo. Zimamoto unawapigia 114, lakini nao watakuta chuma kile kile na nondo zile zile.

Msiniambie nakuza mambo. Jirani zetu Kenya wanajua. Bombolulu, mwaka 1998, wasichana 26 walikufa bwenini. Milango imefungwa, madirisha yana nondo. Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67; mlango mmoja ulikuwa na kufuli. Waliofunga hawakuwa na nia ya kuua. Walikuwa wanalinda. Ndivyo sisi tunavyowalinda watoto wetu kila usiku: tunafunga, tunachomoa ufunguo mwizi asiuvue kwa fimbo kupitia dirishani, tunauficha chini ya godoro, tunalala. Saa nane za usiku, gizani, kwenye moshi, nani atakumbuka ni godoro lipi?

Najua mtakachosema: "Wewe hujawahi kuibiwa." Nimeibiwa, mara mbili. Laptopu ya kwanza niliilia wiki nzima. Lakini laptopu nilinunua nyingine.

Wala sisemi tuache milango wazi. Nasema mlango wa nje ufungwe kwa nje kwa ufunguo, na kwa ndani uwe na kifundo cha kuzungusha kwa vidole, bila ufunguo. Silinda za namna hiyo zipo madukani, na fundi anabadilisha bila kugusa mlango. Kama kifundo kiko karibu na dirisha ambalo mwizi anaweza kupitisha mkono, basi ziba dirisha hilo kwa wavu, usimzibe binadamu. Na angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zenye bawaba, zinazofunguka kwa ndani.

Mwenye nyumba anayechukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo hana udhuru wa kukosa pesa ya silinda. Na sisi wapangaji tuna ugonjwa wetu: tunakagua vigae, tunakagua maji, tunauliza luku ni ya peke yako au ya kuchangia. Nani kati yetu amewahi kuuliza, "Nyumba ikiwaka, natokea wapi?"

Leo usiku, kabla hujalala, zima taa ujaribu kutoka nje bila kupapasa ufunguo. Ukishindwa, hujapanga nyumba. Umepanga selo, na unailipia mwenyewe.