Shujaa Ndani ya Nakala ya Wizi



Miongoni mwa jamaa zetu wa pwani waliofuata riziki Nairobi, wapo waliotua Kinoo, magharibi ya jiji, ukishapita Westlands, Kangemi na Uthiru kwa barabara ya Waiyaki. Wengi wao wamepanga katika majumba ya ghorofa. Watoto hawana nyua za kuchezea kama za mitaa yetu ya zamani, na jioni televisheni ndiyo baraza yao. Kutoka kwa wazazi hao limenifikia swali, na kwa kuwa najua haliwahusu wao peke yao, nimeona nilijibu katika safu hii.

Swali lenyewe ni hili. Watoto wanaipenda sinema ya vibonzo iitwayo Spider-Man: Into the Spider-Verse. Baba huenda na flashi kwenye kibanda cha sinema, akanakiliwa kwa shilingi chache. Wakiifungua nyumbani, picha si njema: rangi zimeachana, kuna nukta nukta kila mahali, na mwendo ni wa kurukaruka. Je, kasoro ni ya televisheni, ni ya nakala, au ndivyo sinema ilivyotengenezwa? Na je, pana ubaya kuinunua nakala namna hiyo?

Khitilafu ya wanazuoni juu ya picha za viumbe inajulikana, wala si makusudio yangu leo. Nazungumza na nyumba ambayo tayari ina televisheni na tayari imeruhusu vibonzo. Nitaanza na swali la picha, kisha niingie katika swali la haki, kwani la kwanza ndilo linalolifungua la pili.

Sinema hii ilitoka mwezi wa Desemba 2018, ikiongozwa na watu watatu: Bob Persichetti, Peter Ramsey na Rodney Rothman. Mwaka 2019 ilipata tuzo ya Oscar ya sinema bora ya vibonzo. Shujaa wake ni kijana wa Brooklyn aitwaye Miles Morales. Baba yake ni Mmarekani mweusi, afisa wa polisi, na mama yake ana asili ya Puerto Rico. Kijana huyu anaumwa na buibui, anapata nguvu za ajabu, na inambidi ajifunze kuzitumia kwa kheri.

Waliotengeneza sinema hii walitaka ionekane kama kitabu cha vibonzo kilichochapwa kwa wino. Wazee wetu waliosoma vitabu vya aina hiyo wanakumbuka kwamba ukiisogeza karatasi karibu na jicho, uliona rangi imeundwa kwa nukta ndogo ndogo. Na pale mtambo ulipopotoka kidogo, wino mwekundu haukukaa sawasawa juu ya wino wa buluu. Mafundi hawa wamezitia nukta zile kwa makusudi, na mahali ambapo sinema nyingine zingeififiza picha ya nyuma, wao wameziachanisha rangi, hata mtu angedhani ni sinema ya kutazamwa kwa miwani maalumu.

Mwendo nao ni hivyo hivyo. Kwa desturi ya sinema, sekunde moja hupita picha 24. Katika sehemu nyingi za sinema hii mafundi wamelishikilia kila umbo kwa picha mbili, kwa hiyo katika sekunde moja ni maumbo 12 tu yanayobadilika. Kuna sehemu msituni ambapo Miles, ambaye bado hajajua kazi yake, anarushwa kwa maumbo 12, na mwalimu wake aliye kando yake anakwenda kwa 24. Mtoto anauona ugeni wa mwanafunzi hata kama hajui kuueleza. Huo ni ufundi wa hali ya juu, na wenye kufahamu lugha ya kazi watauita itqani.

Basi nakala mbovu inaharibu nini? Inaharibu zile zile alama zilizotiwa kwa makusudi. Diski ya DVD ya mfumo wetu hubeba nukta 720 kwa 576, yaani zisizozidi 415,000 katika kila picha. Diski ya Blu-ray hubeba 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2, na ile ya 4K hubeba zaidi ya milioni 8. Diski moja ya Blu-ray yaweza kuchukua gigabaiti 50. Sasa chukua sinema ya dakika 117, yenye picha zaidi ya 168,000 zinazopita mbele ya jicho, uibane mpaka itoshe katika megabaiti 700. Lazima kitu kitupwe. Kinachotupwa kwanza ni vitu vidogo vidogo: nukta za wino, mistari myembamba, na tofauti ya giza na giza. Na hadithi hii sehemu yake kubwa ni ya usiku. Nakala mbaya zaidi ni ile iliyopigwa kwa kamera ndani ya ukumbi, yenye vichwa vya watu mbele na vicheko vya wasiojulikana.

Kwa hivyo wazazi wa Kinoo waipime nakala yao hivi. Ukiona majumba ya nyuma rangi zake zimeachana, lakini uso wa shujaa ni safi na mistari yake inaonekana, hiyo ni kazi ya fundi. Ukiona uso wenyewe umegeuka vipande vya mraba mraba, au anga la usiku limekatika matabaka kama maji yenye mafuta, hiyo ni nakala. Na ukiona mwendo umekuwa laini mno, mfano wa matangazo ya moja kwa moja ya mpira, tazama mipangilio ya televisheni yako. Televisheni nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kulainisha mwendo, unaobuni picha za katikati ambazo fundi hakuzichora. Uzime, na picha itarudi kama ilivyokusudiwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la pili. Mtu hawezi kuyajua hayo yote kisha akasema kuwa sinema ni kitu cha hewani kisicho na mwenyewe. Kila nukta ina mkono wa mtu, na mkono huo una ujira. Mnamo Desemba 1988, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Kuwait na kupitisha azimio nambari 43: haki za utunzi, za uvumbuzi na za majina ya biashara ni haki zinazolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imeweka faini na kifungo kwa mwenye kuuza nakala bila idhini.

Nimesikia hoja mbili dhidi ya maneno haya, na zote zastahili jibu la heshima.

Ya kwanza husema: hao ni matajiri wa Marekani, shilingi zangu chache hazitawapunguzia kitu. Jibu ni kwamba haki haipimwi kwa utajiri wa mwenyewe. Aliyeiba embe katika shamba la tajiri ameiba embe. Tena madhara hayakomei Marekani. Katika mtaa wa River Road, katikati ya jiji la Nairobi, vijana wa Kenya walianzisha sinema zao za gharama ndogo, zikauzwa kwa diski, hata watu wakaiita kazi hiyo Riverwood. Nakala za wizi zikawa zinauzwa jirani na zile za halali kwa bei ambayo mtengenezaji hangeiweza kamwe. Mwizi wa nakala hakuchagua kati ya tajiri na maskini. Aliwala wote, na aliyeumia zaidi ni yule aliyekuwa na kidogo.

Ya pili ni nzito zaidi, nayo husema: hatuna uwezo. Kwa kweli uwezo wa watu si sawa. Netflix yenyewe huwaambia wateja wake kuwa picha ya HD hula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Sinema ya karibu saa mbili itakaribia 6, na kwa familia inayonunua data kidogo kidogo hilo ni jambo la kufikiri. Lakini kutoweza kununua kitu hakukifanyi kiwe chetu. Mwenye kukosa nyama hula dagaa, na mlo wake ni halali.

Na dagaa wa halali wapo, tena watamu. Tangu tarehe 8 Machi 2021 vipindi vya Super Sema vinatazamwa bila malipo katika YouTube. Ni vibonzo vya kampuni ya Kukua, ambayo ina mizizi Nairobi, na Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o ni mtayarishaji mtendaji wake. Shujaa ni msichana wa Kiafrika, Sema, anayeitetea jamii yake dhidi ya roboti katili kwa kutumia sayansi na ubunifu, pamoja na pacha wake. Vipindi ni vifupi, havimalizi data, na picha yake ni safi kwa sababu inatoka kwa mwenyewe. Mzazi avitazame kwanza, kama anavyopaswa kuvitazama vingine vyote, kisha aamue. Na kwa anayeitaka sinema ile ya Miles, kuna njia ya kuikodi mtandaoni kwa siku chache, na kuna njia ya majirani kukusanyika katika sebule ya aliyelipa, wakatazama pamoja na wakala bisi pamoja. Jambo hilo huleta baraka ya ujirani, na majumba ya ghorofa yanaihitaji sana baraka hiyo.

Kwa kijana mwenye kibanda cha kunakili, naomba tusimtukane. Wengi wao wametafuta kazi wakaikosa. Lakini mikono inayojua kunakili yajua pia kutengeneza kompyuta, kufunga waya za intaneti, kuchapa, kupiga picha za harusi. Mwenye uwezo miongoni mwetu ampe kazi ya halali kabla ya kumpa mawaidha.

Nimalizie kwa jambo lililo ndani ya sinema yenyewe. Miles ana ami yake ampendaye sana. Ndiye anayemsikiliza, ndiye anayemwelewa. Baadaye kijana anagundua kuwa ami huyo ni mtumishi wa mhalifu mkuu, na hakuna pigo katika hadithi ile linalomuumiza kuliko hilo. Hakuvunjwa moyo na adui, bali na mtu wa nyumbani kwao. Nawaomba wazazi walifikiri hilo. Mtoto anamtazama shujaa anayewashika wezi, na baba ambaye ni polisi mwaminifu, ndani ya nakala aliyoletewa na mtu ampendaye kuliko wote, nayo ni ya wizi. Leo hajui. Siku atakapojua, ataamini lipi: maneno ya kioo, au mkono uliomletea flashi?

Kwa Kiswahili chetu kinoo ni jiwe la kunolea. Akili ya mtoto ni kisu kipya, na kila tunachomwekea mbele yake kinakinoa au kinakila makali. Tumchagulie kwa picha iliyo safi machoni, na iliyo safi katika njia iliyoingilia nyumbani.

Wabillahi tawfiq.