Tahariri: Anayejitolea Redioni Naye Ana Haki

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, Jumamosi ya Agosti 10, 2019, wakati mahujaji wamesimama Arafa, lori la mafuta lilipinduka hapa Msamvu. Watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tunamuomba Allah awarehemu marehemu wetu. Hatudai kwamba redio ingewaokoa siku ile. Tunachosema ni kuwa watu huonywa kabla ya msiba, na onyo husikilizwa litokapo katika kinywa walichokwisha kukizoea na kukiamini. Imani hiyo hujengwa kwa kazi ya kila siku, na katika redio za dini na za kijamii kazi hiyo kwa kiasi kikubwa hufanywa na vijana wanaojitolea.

Faida yake haina shaka. Mama anayelima miteremko ya Uluguru hawezi kuhudhuria darsa za mjini, lakini redio yake ndogo humfuata shambani. Hata hivyo, mawimbi ya FM hukingwa na milima, na vijiji vya upande wa pili hubaki kimya. Huko anahitajika kijana wa kupanda na kinasa sauti, akapeleka mawaidha na kurudi na maswali ya wanakijiji.

Lakini kipaza sauti ni amana. Mwezi Februari 2013 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliifungia Redio Imaan ya hapa Morogoro kwa miezi sita, kwa sababu ya matangazo yaliyohusu sensa ya mwaka 2012. Hatukusudii kuufufua mjadala ule. Funzo tunalolichukua ni kuwa neno likishatoka hewani halirudi, na gharama yake huwafika hata wasikilizaji wasiokuwa na hatia. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamuru kuihakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Basi vipi tumkabidhi kijana chombo hiki bila ya mafunzo wala msimamizi, kisha akikosea tumlaumu yeye?

Lipo na jambo zito zaidi. Tunawajua vijana waliojitolea miaka kadhaa, wakitembea kwa miguu alfajiri kwa kukosa nauli, na kila walipouliza habari ya posho waliambiwa kuwa ujira wao uko kwa Allah. Ni kweli uko kwa Allah. Lakini kauli hiyo ni ya anayetoa, si ya anayepokea. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi haki yake bila ya kumchelewesha. Kijana akiwa kazini kila siku, kwa zamu aliyopangiwa, huyo ni mfanyakazi, japokuwa tumemwita mtu wa kujitolea.

Nasi walimu tusijitoe katika lawama. Tuliosoma kwa Kiarabu huenda redioni tukazungumza lugha ambayo mkulima wa Mgeta haielewi, kisha tukahesabu kuwa tumefikisha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila msikiti utenge sehemu ya mchango wake wa mwezi kwa nauli na chakula cha wanaojitolea, kama tunavyochangia saruji na mabati. Pili, asishike kipaza sauti asiyefunzwa, na muda wa kujitolea uwe na mwisho unaojulikana. Tatu, kila mwalimu atoe saa moja kwa wiki kuyapitia mawaidha ya vijana kabla hayajarushwa.

Tukishindwa hayo, tusishangae vijana wetu hodari wakihamia kwingine. Watakuwa hawakuikimbia dini, bali wameikimbia dhuluma yetu.

Wabillahi tawfiiq.