Kamili kwa Kipimo cha Nani?

Nina ugomvi na neno moja, na kwa kuwa hapa ni kijiwe cha watu wa maneno, naamini nitasikilizwa. Neno lenyewe ni "kamili". Wauza kamera wanalitumia kuigawa dunia mara mbili: kuna kamera za fremu kamili, halafu kuna hizo nyingine, za kropu, ambazo jina lake tu linakuambia kuna kitu kimekatwa. Nani anataka kitu kilichokatwa? Ukishayakubali majina hayo, umeshauziwa kabla hujauliza bei.

Kamili kwa kipimo cha nani? Kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24. Vipimo hivyo havikushuka kutoka mbinguni. Ni vya filamu ya milimita 35, filamu ya sinema, ambayo Oskar Barnack aliichukua akaitilia kwenye kamera ndogo. Kamera hiyo, Leica, iliingia sokoni 1925, na kwa miaka mingi jamii yake iliitwa kamera vidogo. Ansel Adams alipopiga ile picha ya mwezi juu ya Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, alitumia filamu ya inchi 8 kwa 10. Eneo lake ni takribani mara 60 ya hiki tunachokiita kamili leo. Na sasa hivi Fujifilm inauza kamera za GFX zenye kihisi cha milimita 44 kwa 33 hivi. Mbele ya hizo, fremu kamili ndiyo kropu!

Sibishi kwamba kihisi kikubwa hupokea mwanga mwingi. Fizikia haina mjomba. Kropu ya Nikon ina milimita 23.5 kwa 15.7, kwa hiyo fremu kamili inaizidi eneo zaidi ya mara mbili. Anayepiga nyota usiku, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, atauona utofauti huo bila miwani. Vilevile yule anayeweka kamera kwenye stendi asubuhi isiyo na upepo na kuhesabu sekunde zake taratibu: vivuli vyake vitatoka visafi zaidi. Ninachokataa ni kuzichukua hoja hizo na kuzifanya sheria ya mandhari yote.

Kwa sababu mandhari ina tabia yake. Mpiga picha wa sura za watu anataka nyuma pafifie. Wa mandhari anataka kila kitu kionekane, tangu jiwe lililo miguuni pake hadi mlima wa mwisho, na ili alipate hilo hulifunga tundu. Simama ukingoni Irente, Lushoto, jioni, nyika ya Mazinde ikiwa chini yako huko. Mwenye kropu anaweka lenzi ya milimita 16 na tundu la f/8. Jirani yake mwenye fremu kamili, akitaka picha ileile yenye uwazi uleule wa mbele na nyuma, anahitaji milimita 24 na f/12 hivi. Tundu limebana. Na upepo unatikisa majani ya mbele, kwa hiyo hawezi kuongeza muda. Lazima apandishe ISO. Akipandisha, chengachenga zinarudi, na ule utajiri alioulipia unayeyuka palepale. Wote wawili wanashuka mlimani na picha moja, ila mmoja anashuka na deni.

Deni lenyewe si mchezo. Nikon Z50, ya kropu, ilitoka 2019 kwa dola 860 hivi bila lenzi. Z7 II, ya fremu kamili, ilitoka mwaka uliofuata kwa dola 3,000. Zipime sasa: Z50 na lenzi yake ya 16-50 ni gramu 585 hivi, Z7 II na 24-70 ya f/4 inapita kilo moja na gramu 200, na hujabeba stendi wala maji. Picha ya Z50 ina pikseli 5,568 kwa 3,712. Ichapishe kwa pikseli 300 kila inchi, inaizidi karatasi ya A3. Wangapi kati yetu wamewahi kuchapisha mandhari kubwa kuliko A3? Tunaishia kwenye kioo cha simu, jamani, halafu tunakesha tukibishana kuhusu chengachenga ambazo kioo hicho hakiwezi hata kuzionyesha.

Mnamo 1981 Galen Rowell aliuona upinde wa mvua Lhasa, lakini haukuwa mahali alipoutaka. Akakimbia, akakimbia tena, mpaka ukaangukia juu ya kasri la Potala. Mkononi alikuwa na kamera ya milimita 35, ndogo ya zama zake kwa watu wa mandhari. Lile dubwana la Adams lisingekimbia naye.

Nina mwenzangu kazini anayedunduliza mwaka wa pili sasa kwa ajili ya fremu kamili. Kropu yake iko kabatini, eti haina hadhi ya kupelekwa Usambara. Nauli ya basi anayo, likizo anayo. Ukungu wa kule umepanda na kushuka misimu yote hiyo, yeye yuko Dar anasoma majedwali ya bei. Nilipombana, akasema wateja wa harusi huitazama kamera kwanza ndipo wakubali bei. Sawa, hapo namwelewa. Ukumbini, gizani, hata mimi ningekitaka kihisi kikubwa. Lakini Irente hakuna kamati ya harusi inayokagua begi la mtu.