Majina ya wakimbizi yasikae dirisha moja na bei ya sabuni

Katika miji ya Goma, Bukavu na Bunia, mashariki ya Kongo, kijana anayetengeneza programu za kompyuta haishi kwa kazi moja. Asubuhi anashughulikia hesabu za duka, mchana ukurasa wa shule, jioni orodha ya familia zilizokimbia vita, kwa ajili ya mgao wa chakula. Kazi zote ziko kwenye mashine moja, na mara nyingi ndani ya dirisha moja.

Desturi hiyo ina sababu. Visual Studio Code, programu ambayo wengi huitumia kuandika msimbo wa kompyuta, tangu mwaka 2017 inaruhusu folda za miradi mbalimbali kufunguliwa pamoja. Kila faili hupata kichupo chake juu ya dirisha, na kijana anaruka toka mradi huu hadi ule kwa kubonyeza tu. Kila dirisha jipya hula kumbukumbu ya mashine. Kompyuta kuukuu yenye giga 4 ikifunguliwa madirisha matatu, inaanza kutambaa. Anayesema ni uvivu wa vijana anakosea.

Lakini dirisha hilo halijui tofauti kati ya bei ya sabuni na jina la mama aliyekimbia. Chukua mfano: mwenye duka amehamisha tawi lake toka Sake kwenda Goma. Kijana anaamuru neno « Sake » libadilishwe kuwa « Goma » kila mahali. Programu inatii, na inapita katika folda zote zilizofunguliwa. Orodha ya wakimbizi nayo inaguswa. Siku ya mgao, baba aliyetoka Sake na watoto sita anaambiwa yeye ni mwenyeji wa Goma, arudi nyumbani. Nyumbani wapi?

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Kwa kawaida kichupo huonyesha jina la faili peke yake. Jina la folda huongezwa pale faili mbili zinapofanana majina. Kijana aliyechoka anaweza kuhifadhi orodha ndani ya folda ya duka, kisha akaituma kazi ya duka kwenye hifadhi ya wazi ya intaneti kama GitHub. Akigundua kesho na kuifuta, bado haijaondoka: historia ya mradi inaitunza, na aliyekwisha kuinakili anayo. Jina, namba ya simu na mahali familia inapolala: katika eneo la vita, karatasi hiyo ni silaha.

Sheria ipo. Sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayohusu mambo ya dijitali, inalinda taarifa za watu binafsi. Lakini sheria haikai mbele ya skrini usiku wakati umeme unakatika. Na lawama ya kwanza si ya kijana. Ni ya wale wanaomtumia majina ya familia kwa WhatsApp, hawampi mashine ya kazi, wanamlipa kidogo, wala hawamwambii faili ifutwe lini. Wasije kesho kumnyooshea kidole.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Duka na shule zikae pamoja kwenye vichupo, hakuna ubaya. Kazi ya wakimbizi ipewe dirisha lake, lifunguliwe peke yake baada ya mengine kufungwa. Hapo hata mashine dhaifu haitalalamika. Dirisha hilo lipakwe rangi nyekundu, maana programu yenyewe inaruhusu kila mradi uwe na rangi yake. Majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni. Orodha halisi isiingie kabisa katika folda ya msimbo.

Nazo familia zisinyamaze. Siku ya kuandikishwa, baba na mama waulize maswali matatu: nani anashika orodha hii, iko kwenye mashine gani, itafutwa lini? Kuuliza si kukataa msaada. Mtu aliyepoteza nyumba na shamba amebaki na jina lake, na hilo ana haki ya kujua limewekwa wapi.