Tusiupuuze Ubwabwa wa Mzee Rungwe

Mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagombea urais 15. Aliyenichangamsha kuliko wote ni Hashim Rungwe wa chama cha CHAUMMA, mzee aliyenadi ubwabwa: watu wale washibe. Vijiweni tulicheka, nami nikampenda palepale. Maana kufika kwenye karatasi ya kura si mchezo. Sheria inamtaka mgombea urais apate wadhamini wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, angalau miwili iwe ya Zanzibar. Kwa chama kidogo hiyo ni nauli, jasho na kubembeleza watu stendi. Na ubwabwa wenyewe si mzaha tu: njaa ya mtoto darasani, jamani, ni hoja ya kitaifa. Wahariri, wapeni wagombea wa vyama vidogo nafasi, muwaulize huo mchele utatoka wapi.