Nauli Ipangwe kwa Shilingi Yetu

Shilingi ya Tanzania ilizaliwa tarehe 14 Juni 1966. Hata leo mwananchi wa Tarime akitaka kwenda Dubai kwa ndege, nauli yake hupangwa kwa dola ya Marekani, kisha hugeuzwa shilingi kwa kiwango cha siku anapokata tiketi. Je, ndugu, hiyo ni bei ya shilingi? Hapana! Ni dola iliyovikwa kanzu ya shilingi.

Mfugaji wa Nyamongo huuza ng'ombe mnadani kwa shilingi. Akichelewa juma moja, dola ikapanda, fedha ya ng'ombe wake haitoshi tena.

Kanuni za tarehe 28 Machi 2025 zimekataza kutangaza na kulipisha bei kwa fedha za kigeni nchini. Tulizipokea kwa furaha. Lakini kugeuza hesabu dirishani hakutoshi.

Wenye ndege watasema kwamba vipuri na kukodi ndege hulipwa kwa dola. Ni kweli. Lakini mama wa Sirari naye hununua bidhaa Isebania kwa shilingi ya Kenya, akarudi akauza kwa shilingi yetu, na dhiki ya kubadili fedha huibeba mwenyewe. Mwenye kapu anaweza, mwenye ndege ashindwe? Tena dola zenyewe huletwa na dhahabu ya Nyamongo na watalii washukao Seronera!

Air Tanzania ni shirika letu wenyewe. Na lianze: litangaze nauli za nje kwa shilingi, zisibadilike mwezi mzima.