Mtende mchanga haulishwi kwa beleshi

Wako wakulima, na wako pia maofisa wa kilimo wanaowaunga mkono, ambao hadi leo wanashikilia kwamba mbolea ni mbolea tu: imwage shinani, fungulia maji, mengine mwachie Mungu. Kwa mche wa mtende uliopandwa katika ardhi ya kichanga ya Batinah, nchini Oman, kauli hiyo ni ufujaji mtupu.

Tuutazame ukweli. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ukitandazwa juu ya udongo wenye chokaa, chini ya jua kali, sehemu ya naitrojeni hiyo hugeuka hewa ya amonia na kupotea angani. Inayobaki huyeyuka, na mkulima anapofungulia maji yatande shamba zima, huzama chini kupita mizizi ya mche, ambayo bado ni mifupi na michache. Mkulima amenunua, amebeba, amemwaga. Mwisho wake amekilisha kisima badala ya mtende.

Umwagiliaji wa matone unaondoa balaa hili. Mbolea huyeyushwa katika tangi, hupita katika mipira, na kudondoka pale pale mizizi ilipo, kidogo kidogo, kwa kadiri ya umri wa mche. Na katika Batinah, ambako pampu zilivuta maji ya ardhini kupita kiasi hata maji ya bahari yakaingia visimani, kila ndoo inayookolewa ni akiba ya taifa.

Watetezi wa beleshi watauliza: je, mababu waliokuza mitende kwa mifereji ya falaji, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, walikuwa wajinga? La hasha! Mababu walitumia samadi, ambayo hutoa chakula polepole na kuhifadhi unyevu. Anayemwaga urea kwa beleshi asijifiche nyuma yao. Hakurithi hekima yao. Amerithi beleshi tu.

Wala hatusemi kwamba mipira ni muujiza. Samadi haipiti katika tundu la mpira. Haina budi kuchanganywa na udongo wa shimo kabla ya kupanda. Mbolea nyingi za fosforasi, zikikutana na maji yenye chokaa, huganda na kuziba matundu. Chumvi nayo hujikusanya ukingoni mwa eneo lililoloana. Mkulima aliyeuziwa mipira bila kufundishwa kusafisha chujio ameuziwa hasara mpya.

Sisi tunaofuturu kwa tende tusilione jambo hili kuwa la wageni. Udongo wa kichanga na maji haba tunavyo pia. Ofisa anayegawa mifuko ya mbolea na kuondoka hajatimiza wajibu wake. Apime maji, afundishe kuchanganya, kisha arudi shambani aone. Mtende huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Uzembe wa mwaka wa kwanza hulipwa na miaka yote inayofuata.